Maswali ya Wasomaji: Vichaka Vidogo vya Maua kwa Mahali penye Kivuli

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja. Wasomaji wengi wanauliza wapande nini mahali ambapo jua halifiki vizuri, iwe ni kando ya ukuta, chini ya mti au ndani ya ua uliozungukwa na nyumba, na karibu wote wanataka kitu kifupi chenye maua. Nimechagua barua sita. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu linagusa jambo ambalo kila mwenye kivuli anapaswa kulijua kabla hajakwenda kitaluni.

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Nyumba yetu ipo Sakina, Arusha. Upande wake wa kusini, kati ya ukuta wa vyumba vya kulala na ukuta wa uzio, kuna kipande cha ardhi chenye upana wa hatua tatu hivi, ambacho Juni na Julai hakioni jua hata kidogo. Nilipanda mawaridi, yakarefuka na kukonda bila kuchanua. Nikapanda maua niliyoambiwa kitaluni kuwa ni ya kivulini, yakapendeza mpaka Krismasi, kisha kufikia mwishoni mwa Januari majani yakawa yameungua kingo. Ninataka vichaka vidogo, visivyopita kiuno, nivione kila nifunguapo dirisha. Nipande nini? (Msomaji wa Sakina)

JIBU: Asante, mama, kwa kutaja miezi, maana humo ndimo lilimo jibu. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna ukuta unaokaa kivulini mwaka mzima kwa sababu tu umeelekea kusini au kaskazini. Arusha ipo takribani nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la saa sita mchana hupita upande wa kaskazini wa nyumba yako, na kipande chako cha kusini hubaki kivulini. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi jua huhamia kusini na kukipiga kipande hichohicho, na ifikapo Januari na Februari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na masika bado hayajaanza, hukipiga wakati udongo umekauka. Aliyekuuzia hakukudanganya. Maua yalichaguliwa kwa kivuli cha Juni, yakakutana na jua la Januari.

Kwa hiyo unahitaji kichaka kinachovumilia mwanga hafifu kwa nusu ya mwaka na jua la wastani kwa nusu nyingine, mradi mizizi yake ikae kwenye ubaridi na unyevu. Kabla ya kununua chochote, upime mwanga wenyewe. Siku isiyo na mawingu, saa sita mchana, tandika karatasi nyeupe juu ya udongo, kisha unyooshe mkono juu yake kwa kimo cha futi moja hivi. Ukiona kivuli cha vidole kilichokatika vizuri, mahali hapo pana mwanga wa kutosha hata kwa mimea ya jua. Ukiona umbo la mkono lakini kingo zimefifia, huo ndio mwanga wa wastani, na mimea nitakayoitaja hapa inautosheka. Usipoona kivuli chochote, au ukaona weusi usio na umbo, usitarajie maua mahali hapo. Weka mimea ya majani mazuri na uridhike. Rudia kipimo hicho mwezi Juni na mwezi Desemba, kwa sababu utapata majibu mawili tofauti.

Jambo la pili ni ukuta. Mafundi wanapomaliza kupiga lipu, mabaki ya saruji na chokaa mara nyingi hufukiwa palepale chini ya dirisha, na chokaa hiyo huufanya udongo ukose tindikali, hivyo madini ya chuma yaliyomo yasiweze kunyonywa na mizizi. Dalili yake ni rahisi kuitambua: majani machanga, yaani yale ya nchani, hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Chimba kiasi cha sentimita 40 kwenda chini, uondoe vipande vya saruji vyote unavyovikuta, kisha ujaze shimo kwa udongo uliochanganywa na mboji na samadi iliyoiva vizuri. Usipande chini kabisa ya upenu, kwa sababu paa huzuia mvua na sehemu hiyo hukauka hata wakati wa masika. Songa mbele mpaka pale matone ya paa yanapoangukia, au mbele kidogo ya hapo.

Sasa mimea yenyewe. Mimi huanza kwa kuuliza mmea umetoka wapi. Waridi limetoka mahali pa wazi penye jua, na hakuna mbolea itakayolifanya lichanue bila hilo. Mmea uliolelewa chini ya miti mirefu huja bustanini na tabia yake ya msituni, na katika hili sisi wa Afrika Mashariki tumejaliwa, kwa kuwa baadhi ya mimea ya kivulini inayouzwa kwa wingi Ulaya na Marekani asili yake ni kwetu. Mmojawapo ni ile impatiensi fupi ya rangi nyingi, Impatiens walleriana, ambayo kwa asili huota kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Inafaa kuwekwa mbele ya vichaka, ila iachie nafasi ya hewa kupita, kwa sababu inashambuliwa na ugonjwa wa ubwiri vinyoya, unaoacha ukungu mweupe chini ya majani na kuupukutisha mmea wote.

Kwa kichaka chenyewe ningekushauri uanze na ndugu yake mkubwa, Impatiens sodenii, mwenyeji wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ambaye huota kwenye miamba na kando ya vijito. Shina lake ni nene na limejaa maji, majani yamejipanga kwa duara kulizunguka shina, na maua ni mapana na bapa, meupe au ya waridi hafifu, kila moja likiwa na mkia mwembamba uliopinda nyuma ambamo hukaa maji yake matamu. Tumba la mbegu likikomaa, ukiligusa kwa ncha ya kidole hupasuka na kurusha mbegu pande zote, na watoto hupenda sana kulichezea. Mmea huu huweza kupita kimo cha mtu, kwa hiyo uukate ncha za juu kila baada ya miezi michache ili utanuke badala ya kurefuka. Vipande unavyovikata usivitupe. Chomeka kila kimoja kwenye udongo wenye unyevu nacho kitatoa mizizi bila dawa yoyote.

Wa pili ni mbuni, yaani mmea wa kahawa. Najua wengi huuona kuwa ni zao la shambani tu, nami nasikitika kila ninapouona umeachwa nje ya bustani za nyumbani, kwa sababu hakuna kichaka cha kivulini kinachoifahamu Arusha na Kilimanjaro kuliko huo. Katika vihamba vya Wachaga mbuni umekuwa ukistawi chini ya migomba na miti mikubwa kwa vizazi kadhaa, na hata kwenye misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, ulikotoka, hukua chini ya miti. Majani yake ni ya kijani kilichokoza yenye mng'ao mwaka mzima. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, maua meupe hufunguka yote kwa pamoja kufuata matawi, na kwa siku mbili tatu harufu yake, iliyo karibu sana na ya asumini, hujaza chumba chenye dirisha wazi. Baadaye utapata matunda mekundu. Ukate kilele chake kwa kimo unachokitaka, lakini usiupogoe mara kwa mara, kwani maua hutokea kwenye matawi yaliyokua msimu uliopita.

Wa tatu ni Brunfelsia, kichaka cha kutoka Brazili kinachokua polepole, ambacho ua lake hufunguka likiwa zambarau, siku inayofuata likawa hafifu, na siku ya tatu likawa jeupe, hivyo rangi zote tatu huonekana kwa wakati mmoja. Kina sumu, na kama una mbwa, soma jibu la barua ya mwisho kabla ya kuamua. Ukitaka kujaza nafasi, begonia za mashina marefu yenye vifundo na fuksia zote mbili zinaikubali hali ya hewa ya Arusha, na ndege aina ya chozi huzizuru fuksia kwa bidii.

Usinunue aina kumi. Kipande cha hatua tatu kinatosha mibuni miwili, impatiensi ndefu tatu na brunfelsia moja, na nafasi iliyobaki uiachie mimea mifupi. Panda mwishoni mwa Machi, kwa sababu wakati huo mambo mawili hukutana kwa faida yako: jua linaondoka upande wako wa kusini, na mvua za masika zinaanza. Mimea itapata miezi sita ya kushusha mizizi kabla jua halijarudi Oktoba. Tandaza majani makavu kwa unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina, na kuanzia Desemba umwagilie asubuhi, maji mengi mara mbili kwa wiki, badala ya maji kidogo kila siku. Mbolea ya yurea iepuke kabisa. Kivulini inaleta majani mengi na laini, na maua hayaonekani.

SWALI: Nipo Kigamboni, Dar es Salaam. Mbele ya nyumba nina mwembe mkubwa ambao siwezi kuukata kwa kuwa ndio tunaokaa chini yake jioni, na isitoshe aliupanda marehemu baba. Chini yake hakuoti kitu. Nimejaza udongo mweusi kwa matoroli, nikapanda maua, nayo yamekufa ingawa namwagilia. Je, kuna kichaka chochote cha maua kinachoweza kuishi hapo? (Msomaji wa Kigamboni)

JIBU: Ndugu yangu, jambo la kwanza ninalokuomba ni kuondoa udongo ule ulioulundika kwenye shina la mwembe, tena mapema. Gamba la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo wenye unyevu. Huoza taratibu, na mizizi ya juu iliyofunikwa ghafla hukosa hewa. Unaweza kuupoteza mti wa marehemu mzee kwa ajili ya maua ya msimu mmoja. Rudisha ardhi kwenye usawa wake wa zamani, mpaka uione ile sehemu ya chini ya shina inapoanza kutanuka kuwa mizizi.

Kivuli chako kinatofautiana na cha msomaji wa Sakina. Yeye ana ukuta, ambao hauli wala haunywi. Wewe una mti wenye kiu. Majani yaliyoshonana hupokea mvua kabla haijafika chini, na ile inayofika hugombewa na mizizi mingi myembamba iliyotapakaa karibu na uso wa ardhi, kwenye mchanga wa pwani ambao hata hivyo hauhifadhi maji. Mimea yako ilikufa kwa kiu zaidi kuliko kwa giza, na maji uliyoyamwaga mengi yamenywewa na mwembe.

Baada ya mavuno mwite mtu anayejua kupogoa, aondoe matawi ya chini yanayoning'inia na kupunguza machache ya ndani, ili mwanga upenye ukiwa umetawanyika. Asikate ncha zote za nje kama wafanyavyo wengi, kwani mti hujibu kwa kuchipua matawi mengi zaidi na giza huongezeka. Kisha ugawe eneo mara mbili. Karibu na shina, kwa umbali wa mita mbili hivi, usipande kitu; weka benchi, na uache majani ya mwembe yenyewe yatandazike hapo yakioza. Vichaka uvipande kuelekea ukingo wa kivuli, mahali panapopata jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne.

Nunua miche midogo, hata kama ile mikubwa ya kwenye ndoo inavutia zaidi. Mche mdogo unaingia kwenye nafasi iliyopo kati ya mizizi ya mwembe bila kuikata, nao huzoea mahali pake mapema. Ukikutana na mzizi mnene kuliko kidole gumba, usogeze shimo, usiukate mzizi.

Kati ya vichaka vinavyolimudu joto la pwani, nakipendekeza kwanza Whitfieldia elongata, mmea wa misitu ya Afrika ya tropiki wenye majani ya kijani kilichoiva na vishada vyeupe vilivyosimama wima, ambavyo hung'aa kivulini hata magharibi, wakati ambao nyinyi mnakaa hapo. Baada ya maua kudondoka, vikombe vyeupe vilivyoyashika hubaki kwa muda mrefu. Hufika mita mbili usipoukata, lakini huvumilia mkasi. Kwa kimo cha chini ya goti hadi gotini kuna krosandra ya rangi ya machungwa, ambayo wanawake wa kusini mwa India huyasuka maua yake na kuyavaa nywelini. Inapenda joto na haitaki udongo ukauke kabisa. Pachystachys yenye vishada vya manjano inafaa pia, na kwenye ukingo wenye mwanga zaidi upande Thunbergia erecta, yenye maua ya zambarau iliyokoza na koo la manjano, ambayo ikikatwa vizuri huwa ua wa kutenga bustani na njia. Iksora utaziona zikiuzwa kila kitalu cha barabarani, nazo ni nzuri, lakini chini ya mwembe hutapata maua ya kuridhisha.

Ukiona kupanda ardhini kunakushinda, tumia vyungu vikubwa au madebe yaliyotobolewa chini, uyaweke juu ya matofali ili mizizi ya mwembe isipenye kwa chini. Visahani vya kupokea maji chini ya vyungu uvimwage kila baada ya siku mbili. Mbu aenezaye homa ya dengi huzaliana kwenye maji machache ya namna hiyo, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na 2019. Tazama pia konokono wakubwa, hasa baada ya mvua: hujificha chini ya matandazo mchana na kutoka usiku kuguguna miche michanga. Kuwaokota kwa tochi, ukiwa umevaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kunatosha bustani ya nyumbani.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa Limuru, Kenya. Mama mkwe alinipa vipandikizi vya haidrenjia iliyokuwa na maua ya buluu safi. Nimeipanda kando ya baraza, upande wenye kivuli, ikatoa maua ya waridi. Tena miaka miwili sasa haitoi maua kabisa, na majani ni mazuri. Mwanangu huipogoa kila Januari ili isizibe njia. Shida iko wapi? (Mwalimu Mstaafu, Limuru)

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Una maswali mawili ndani ya moja, na kila moja lina sababu yake.

Rangi ya haidrenjia hutegemea aluminiamu iliyo kwenye udongo. Udongo ukiwa na tindikali, hasa pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali ikizidi) ikiwa chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka, mizizi huinyonya, na ua huwa la buluu. Tindikali ikipungua, aluminiamu hujifunga na ua huwa la waridi. Limuru ni nchi ya chai, na chai haistawi pasipo tindikali, hivyo shambani kwa mama mkwe maua ya buluu ni jambo la kawaida. Kando ya baraza lako kuna saruji na pengine chokaa, nazo zimeubadilisha udongo ule mdogo unaoizunguka mizizi. Ukitaka buluu, njia iliyo salama zaidi ni kuuhamisha mmea, au kuchukua vipandikizi vipya uvipande mita moja na nusu mbali na sakafu. Ukipenda kuuacha ulipo, saga shabu ile inayouzwa madukani, uyeyushe kijiko kimoja cha mezani katika lita 10 za maji, na uumwagilie mara moja kwa mwezi udongo ukiwa tayari umelowa. Usiongeze kipimo ukidhani utaharakisha, kwani shabu nyingi huunguza mizizi, na rangi itabadilika kwenye maua yajayo, si haya yaliyopo. Haidrenjia nyeupe hazibadiliki kwa dawa yoyote.

Kuhusu kukosa maua, mkasi wa mwanao ndio chanzo. Haidrenjia nyingi za zamani hutengeneza matumba ya maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na anayezikata ncha zote huondoa maua ya msimu mzima. Maua yakinyauka, kata kichwa cha ua pamoja na jozi moja au mbili za majani yaliyo chini yake, ukomee hapo. Kila mwaka uondoe kuanzia chini matawi mawili matatu yaliyozeeka na kukauka, ili machipukizi mapya yachukue nafasi. Kama inaziba njia, imepandwa mahali pabaya, na kuihamisha wakati wa mvua ni bora kuliko kupigana nayo kila Januari.

SWALI: Ua wetu wa ndani hapa Mji Mkongwe umezungukwa na kuta ndefu pande zote, na jua huingia labda saa moja tu adhuhuri. Asumini niliyoipanda ina majani lakini haizai maua, nami naihitaji kwa kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Nifanyeje? (Bi wa Unguja)

JIBU: Asumini, bibi yangu, ni mmea wa jua, na kwa saa moja ya mwanga hautakupa maua ya kutosha hata kikuba kimoja. Ihamishie kwenye chungu na uipandishe darini au kwenye roshani inayopata jua la asubuhi. Mrehani nao uufuatishe hukohuko, kwani haupendi giza.

Ua wa ndani uupe mkilua. Huu ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, uliozoea kukaa chini ya miti mikubwa, na wataalamu wa mimea wauita Mkilua fragrans. Kilua si ua la kuvutia macho, lakini harufu yake wewe unaijua kuliko mimi, na kwa mwenye kutunga vikuba sioni mmea unaofaa zaidi kwa kivuli hicho. Tafuta mche kwa wenye mashamba, uupande kwenye shimo pana lililojazwa mboji, na uupunguze kimo kwa kuukata kila mwaka baada ya kuchanua. Gardenia nayo ingeweza kuishi hapo, lakini udongo wa mawe ya matumbawe ulioko chini ya Mji Mkongwe una chokaa nyingi na majani yake yatageuka manjano. Ipande chunguni tu, kwa udongo mwekundu ulioletwa kutoka shamba.

SWALI: Nina vichaka vya kivulini vimestawi hapa Muheza, ila chini yake pako wazi. Rafiki ananiambia twende msitu wa Amani tukang'oe yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye mawe. Je, yatashika? (Msomaji wa Muheza)

JIBU: Tafadhali msiende. Hilo ni ua la Usambara, lililopata umaarufu duniani baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, kulipeleka kwao mwaka 1892. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover, Ujerumani, akalipa jina la Saintpaulia. Leo mimea ya ua hili inauzwa duniani kote, lakini yale ya mwituni yamebaki kwenye vipande vichache vya msitu, baadhi yakiwa katika hatari ya kutoweka, na kila mmea unaong'olewa hapo ni hasara isiyofidika kirahisi. Isitoshe, lililozoea kushika mwamba wenye kuvumwani na unyevu halitadumu kwenye udongo wa bustani.

Nunua yaliyozalishwa kitaluni, uyaweke chunguni barazani. Ukipata mmea mmoja unaweza kupata mingine mingi: chukua jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, uchomeke kikonyo kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, na baada ya miezi miwili au zaidi utaona vimche vikitokeza chini yake. Ardhi iliyo wazi chini ya vichaka vyako uipande impatiensi fupi na begonia, ambazo kwa mvua za Muheza zitajaa haraka.

SWALI: Tumehamia nyumba ya kupanga Moshi yenye bustani ya kivuli. Kuna kichaka chenye maua makubwa meupe yanayoning'inia na kunukia usiku, na kingine chenye maua ya zambarau na meupe kwa pamoja. Mwanangu ameanza kutambaa na tuna mbwa. Nimesikia baadhi ya maua ni sumu. Je, ni kweli? (Mama wa Moshi)

JIBU: Ni kweli, mama, na umefanya vyema kuuliza mapema. Kwa maelezo yako, kile cha kwanza ni Brugmansia, yenye maua ya umbo la tarumbeta. Sehemu zake zote, kuanzia mbegu hadi maua, zina sumu kali inayovuruga akili na mapigo ya moyo, na hata utomvu wake ukigusa jicho huifanya mboni itanuke na kuona kukawa kwa shida. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni, na maua haya hudondoka chini. Zungumza na mwenye nyumba, kisha king'olewe. Anayefanya kazi hiyo avae glavu, asijipanguse uso, na matawi yasiachwe kwenye lundo ambalo mtoto au mifugo watayafikia.

Cha pili kinaelekea kuwa brunfelsia. Hatari yake kubwa ni kwa mbwa, ambao huvutiwa na matunda na mbegu zake. Mbwa aliyeila hutetemeka na kupata degedege, naye anapaswa kufikishwa kwa daktari wa mifugo mara moja. Kama hutaki kuking'oa, kizungushie uzio wa waya na uokote matunda yote kabla hayajaanguka. Mimi ningekihamishia kwa jirani asiye na mbwa wala mtoto mdogo. Kile kichaka cha vijiua vyembamba vinavyonukia usiku, ambacho wengi hukiita malkia wa usiku, nacho kina matunda ya sumu, hivyo usikubali kuletewa kipandikizi chake kwa sasa. Haidrenjia na gardenia zina madhara madogo tumboni zikiliwa. Ziweke mbali tu na mkono wa mtoto.

Badala yake panda fuksia, impatiensi fupi na ile kichaka ya Mexico yenye vishada vya rangi ya kutu, Justicia brandegeeana, ambayo inastawi vizuri kwenye kivuli chepesi. Mahali panapopata jua la asubuhi weka Pentas lanceolata, mwenyeji wa Afrika Mashariki, ambaye huvuta vipepeo wengi na hukatwa kwa urahisi abaki kimo cha goti. Na ikitokea mtoto ameonekana akitafuna mmea wowote usioujua, mfute mdomo, usimlazimishe kutapika, na mwende hospitali mkiwa mmebeba tawi la mmea huohuo lenye majani na ua, ili daktari ajue anachotibu.